Punda wa Jumapili

Ninyi mnaoanza kazi sasa mnapewa kifaa cha kusoma chipu. Mnakipitisha upande wa kushoto wa shingo, kinalia, na namba ya punda inatokea bila mnyama mwenyewe kujua kwamba ametambuliwa. Mimi nilianza na kopo la rangi ya manjano na brashi ya inchi mbili. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nasema kwa sababu kosa nililolifanya kwa brashi ile linaweza kufanywa hata kwa kifaa chenu, na kosa hilo lilimfanya mwanamke mmoja wa mtaa wa Jericho auingize mkono wake katika kinywa cha punda mwenye kichaa cha mbwa, akiamini kwamba mimi nilikuwa nimemhakikishia usalama.

Nilikuwa afisa wa afya ya mifugo. Nilikuwa na stashahada, si shahada ya udaktari, lakini katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, mwenye koti jeupe na sindano ni daktari, na baada ya miaka michache nilichoka kuwasahihisha watu. Nimestaafu mapema, nikiwa na miaka hamsini na miwili, kwa sababu ya goti la kulia ambalo punda mmoja wa Ziwani alilipiga teke mara moja tu. Alilipiga vizuri.

Wakazi wa mitaa mingine hucheka wakisikia kwamba Eastlands kuna mifugo. Waje siku mabomba yanapokauka. Watawaona punda wakipita kati ya nyumba za zamani za baraza la jiji, mitungi ishirini ikigongana nyuma yao, na akina mama wakitoka milangoni wakiita kwa jina la mwenye maji. Kwa jina la mwenye maji, nasema, si la punda. Shikeni hilo.

Mwaka tulioanza kuwaandikisha, kulikuwa na habari za ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukiua punda katika kaunti za mbali. Mkuu wangu, mtu wa haraka na mpenda majedwali, aliuliza swali lililokuwa la haki kabisa: ugonjwa ukifika Nairobi, tutaanzia wapi? Punda ni mvumilivu kupita kiasi. Kuna maradhi yanayomwua farasi kwa siku chache, na punda akayabeba bila hata kukohoa. Farasi wa mashindano ana cheti, ana picha, ana mtu wa kumlinda usiku. Punda wa maji hana chochote, ilhali ndiye anayezunguka mitaa mingi kwa siku moja, akinywa pale wanapokunywa wenzake. Tulitaka kujua ni wangapi, wako wapi, na wa nani.

Sasa, punda hakubali kusimama apakwe namba. Mkokoteni unakubali. Nikaipaka mikokoteni. Kila Jumatano nilikwenda kwenye kioski cha maji nikiwa na kopo langu, kwa kuwa Jumatatu tulikuwa na mkutano, Alhamisi tuliandika ripoti, na Ijumaa mchana hakuna mtumishi wa umma anayepatikana mahali anapotakiwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walinifurahia sana.

"Niaje, Daktari! Leo punda wanapata kitambulisho?"

"Wanapata."

"Na kura watapiga wapi?"

"Huyu wangu mwandike Makadara," akadakia mwingine. "Pumwani wamemzoea, watamwibia kura."

Nilimaliza kabla ya muda niliopewa. Jedwali langu lilikuwa safi: namba ya mkokoteni, jina la mwenyewe, mtaa, na maelezo ya mnyama. Mkuu alilionyesha mkutanoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyelitazama akacheka, na mtu huyo alikuwa Mzee Otieno.

Mzee Otieno alikuwa amewatunza farasi wa mashindano kwa zaidi ya nusu ya maisha yake kabla ya kustaafu na kuhamia Ziwani kwa binti yake. Nilimjua kwa sababu alikuwa akija kwenye kioski kuwatazama punda jinsi wazee wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Nilimwonyesha jedwali nikitarajia sifa.

"Umeandika magurudumu," akasema.

"Mzee, kila mkokoteni una punda wake."

"Nani alikuambia? Mkokoteni?"

Aliniondoa pale akanipeleka hadi kwa punda wa kwanza aliyekuwa amesimama, akanifundisha kutazama. Wengi wenu mmesoma haya vitabuni. Mimi niliyasoma juu ya ngozi. Kwenye paji la uso mna mahali nywele zinapojizungusha kama kisulisuli kidogo. Angalieni kama pako juu ya mstari wa macho au chini yake, na kama zinazunguka kulia au kushoto. Mgongoni mna msalaba mweusi: je, mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia? Unakatika? Unafifia kabla ya bega? Upande wa ndani wa miguu ya mbele mna sugu nyeusi zisizo na nywele, ambazo punda hana katika miguu ya nyuma, tofauti na farasi wengi. Umbo la sugu hizo halifanani kwa wanyama wawili. Kovu huongezeka na rangi hubadilika kwa majira, lakini kisulisuli hakihami.

Nilijifunza kwa bidii. Kisha nikarudi ofisini nikaliacha jedwali kama lilivyokuwa, kwa sababu lilikuwa limekwisha kusifiwa. Katika safu ya maelezo ya mnyama niliandika "dume, kijivu" mara nyingi sana. Mtu asiyejua angedhani Eastlands nzima ina punda mmoja anayefanya kazi bila kuchoka.

Haya, sikilizeni sasa.

Jumatatu moja asubuhi nilipigiwa simu kutoka Pumwani. Siku iliyotangulia, mbwa wa kuzurura alikuwa ameingia kwenye foleni ya kioski akiwa anatoa mate, ameuma mguu wa meza, ameuma ndoo, kisha akarukia punda aliyefungwa mkokotenini na kumuuma mdomoni. Watu walimwua kwa mawe. Mzoga tuliupata, na Jumanne maabara ilithibitisha kichaa cha mbwa. Hakuna binadamu aliyeumwa. Kilichobaki ni punda.

"Punda yupi?" nilimwuliza mama aliyekuwa akiuza maji pale kioskini.

"Wa mkokoteni namba kumi na saba. Nimeiona kwa macho yangu, hiyo rangi yako ya manjano."

Nakiri kwamba moyo wangu ulijaa majivuno. Nilifungua jedwali: kumi na saba, Hamisi, Majengo, dume, kijivu. Kwa chini ya saa moja nilikuwa uani kwa Hamisi. Hamisi alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyezaliwa Majengo kama baba yake, na aliyekuwa na tabia ya kujibu swali aliloulizwa bila kuongeza wala kupunguza.

"Huyu ndiye punda wa mkokoteni kumi na saba?"

"Ndiye."

Nilimtazama mnyama. Kwenye pembe ya mdomo alikuwa na mchubuko mbichi, mwembamba, unaotoa damu kidogo. Sikuhitaji zaidi. Nilimchoma chanjo, nikaamuru atengwe katika ua wenye kufuli kwa miezi sita, asiguswe ila kwa fimbo ya kusogezea chakula.

"Miezi sita," Hamisi akasema. "Na mimi, Daktari?"

"Tafuta punda wa kuazima."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuuelewa mtazamo ule hadi wiki nyingi baadaye.

"Nitaazima," akasema.

Kisha nilifanya jambo ambalo nawasihi msilifanye hata siku moja kabla ya kuuliza maswali yote. Nilisimama kioskini Pumwani, na baadaye sokoni Jericho, nikatangaza: "Punda aliyeumwa amepatikana na ametengwa. Endeleeni na kazi zenu bila hofu." Sokoni Jericho alikuwapo Mama Nyambura, mjane aliyerithi biashara ya maji ya mumewe na kuiendesha mwenyewe, akishika hatamu kwa mikono yake. Alinipungia mkono kutoka juu ya mkokoteni wake, namba thelathini na mbili.

"Asante, Daktari! Hiyo maneno ilikuwa imeninyima usingizi."

Wiki tano zilipita. Kila Jumatano nilikwenda kumtazama punda wa Hamisi, naye alinenepa kwa kukosa kazi. Mzee Otieno hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao kumzika ndugu yake, na mazishi ya kwao hayana haraka. Aliporudi, katika Jumatano ya sita, nilimkaribisha tufuatane. Nilitaka, kusema kweli, aone kwamba magurudumu yangu yalikuwa yamefanya kazi.

Alisimama nje ya ua, akainama, akautazama mdomo wa punda kupitia upenyo wa mabati. Kidonda kilikuwa kimepona na kuacha alama nyembamba. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mbwa huyu alikuwa na jino moja?"

"Vipi, Mzee?"

"Mbwa huuma kwa taya mbili. Juu huacha alama, chini huacha alama. Hapa pana mstari mmoja tu, tena pembeni kabisa, mahali pa lijamu, kile chuma cha mdomoni. Huu ni waya, nyathina. Hatamu ilitengenezwa kwa waya, ikamkata."

Neno hilo, nyathina, kwao ni mwanangu, na hakuwa na desturi ya kuniita hivyo isipokuwa mambo yakiwa mabaya. Yeye alikuwa amekwisha kuuacha ua na kuuendea mkokoteni namba kumi na saba, uliokuwa umeegemezwa ukutani. Alipitisha kiganja juu ya mti wa mbele.

"Tazama hapa palivyolika. Na hapa tena, upande wa pili. Mkokoteni huu huvutwa na punda wawili. Si kila siku, lakini mara nyingi." Akageuka. "Hamisi, mwenzake huyu yuko wapi?"

Hamisi aliketi juu ya tofali, akavua kofia yake, akaikunja.

Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mtu kwenye foleni ya maji alilijua isipokuwa mimi. Ijumaa Hamisi haendeshi mkokoteni. Ni siku ya msikiti na ya jamaa. Jumapili Mama Nyambura haendeshi. Ni siku ya kanisa. Basi tangu enzi za marehemu mumewe walikuwa na mapatano: Ijumaa punda wa Hamisi huenda Jericho kuvuta pamoja na punda wa Mama Nyambura, wakabeba mizigo mizito ambayo mmoja hawezi, na Jumapili punda wa Mama Nyambura huja Majengo kuvuta pamoja na wa Hamisi. Wenyewe walikuwa na siku ya ibada. Punda hawakuwa na dini. Wenye mikokoteni wengi wa Pumwani na Jericho walifanya vivyo hivyo, na mimi, niliyefanya kazi siku za Jumatano, sikuwahi kuiona Eastlands ya Ijumaa wala ya Jumapili.

"Jumapili ile," nikasema, "ni yupi aliyeumwa?"

"Wa Mama Nyambura."

"Na ukanyamaza?"

"Daktari, uliniuliza kama huyu ni punda wa mkokoteni. Ni wa mkokoteni. Hukuniuliza juzi alikuwapo nani." Akaikunjua kofia, akaikunja tena. "Kilikuwa kidonda kidogo. Nilikiosha kwa maji ya chumvi nikamrudisha jioni. Kitu cha mtu ni amana. Ningemwambiaje kwamba punda wake ameharibikia mkononi mwangu, halafu serikali ije imchukue? Nikasema, kichaa cha mbwa ni cha mbwa."

"Na punda wa kuazima, wiki hizi zote?"

"Ni yuyo huyo. Asubuhi anafanya kwake Jericho, alasiri anakuja kwangu. Wewe ndiye uliyeniambia niazime."

Nataka mlitafakari hilo polepole. Nilikuwa nimemfungia punda mzima, na kwa kumfungia nikamfanya punda aliyeumwa atembee mitaa miwili kila siku badala ya mmoja.

"Leo umemwona?" Mzee Otieno akamwuliza.

"Leo hakuletwa. Mama Nyambura alisema tangu jana hali vizuri. Anadhani amekwamwa na gunzi la mahindi kooni."

Sikungoja zaidi. Nilimpigia simu Mama Nyambura. Ililia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Tulipanda pikipiki mbili, mimi na Mzee, nami niliendelea kupiga njia nzima, sikio moja upepo, sikio moja mlio. Kwa nini nilikuwa na hofu kiasi hicho? Kwa sababu punda mwenye kichaa cha mbwa mara nyingi haumi watu mwanzoni. Koo lake linapooza. Hawezi kumeza, mate yanamtoka, anatoa shingo mbele kama aliyekabwa, na kila mwenye huruma huwaza kwamba kuna kitu kimekwama. Huruma hiyo ndiyo inayoua.

Tulimkuta Mama Nyambura nyuma ya soko la Jericho, ndani ya banda lake la mabati, nguo ya mkono wa kulia imekunjwa hadi begani, mkono umelowa hadi kwenye kiwiko. Punda alikuwa amesimama mbele yake, shingo imenyooshwa, midomo ikitetemeka.

"Mama Nyambura," nikasema, "toka hapo. Taratibu. Usimpe mgongo."

"Daktari, aki ngoja! Anakabwa huyu. Nimebakisha kidogo tu nilifikie gunzi."

"Hakuna gunzi. Toka."

Nadhani ni sauti yangu iliyomtoa, si maneno. Alirudi hatua moja, mbili, tatu. Alipovuka kizingiti, punda alijitupa ubavuni mwa banda na kuyauma mabati, akayang'ang'ania kwa meno kama mbwa anavyoung'ang'ania mfupa. Watu wa soko walisikia mlio ule. Mzee Otieno alipitisha mti wa mkokoteni mlangoni kama komeo na kuuegemea kwa uzito wake wote, mzee wa miaka zaidi ya sabini, huku akizungumza na mnyama kwa Kijaluo, polepole, kama alivyokuwa akizungumza na farasi wake.

Mimi nilimwinamisha Mama Nyambura chini ya mtungi wake mwenyewe, nikachukua sabuni ya kufulia. Kwenye kiganja, karibu na kidole gumba, na juu ya kifundo, kulikuwa na michubuko minne ya meno ya magego. Myepesi sana. Mtu angeipuuza.

"Tunaosha robo saa," nikamwambia. "Maji yanayotiririka, bila kuacha."

"Robo saa? Haya ni maji ya kuuza."

"Nitayalipa. Endelea."

Tuliosha. Alikuwa akinitazama usoni, si mkononi.

"Daktari."

"Naam."

"Si ulisema amepatikana?"

Hapo ndipo kazi yangu yote, vijana, ilipojikusanya mahali pamoja. Ningeweza kusema kwamba Hamisi alinificha. Ilikuwa kweli kwa sehemu yake. Ningeweza kusema kwamba tutazungumza baadaye.

"Nilikosea," nikasema. "Nilimtenga punda wa Hamisi. Aliyeumwa ni huyu wako."

Hakupiga kelele. Mtungi wa kwanza ukaisha, nikafungua wa pili.

"Niambie kama mtu mzima mwenzako. Ninakufa?"

"Hapana, tukiwahi. Ugonjwa umeingia mkononi. Unasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kichwani. Chanjo nayo inapaswa kufika kabla yake. Ikitangulia, unaishi. Ugonjwa ukitangulia, hakuna dawa."

"Basi kwa nini bado tunaosha?"

"Kwa sababu kila tone linalotoka ni moja lisilosafiri."

Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo wiki iliyopita. Cha tatu muuguzi alikuwa karibu kufunga dirisha, nami niliweka kiwiko changu pale, jambo ambalo sikufundishwa chuoni.

"Ameumwa na mbwa?" akauliza, akiandika.

"Na punda," nikasema.

"Hajaniuma," Mama Nyambura akamsahihisha. "Mimi ndiye nimemtia mkono mdomoni."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alitutazama sote wawili, kisha akainuka na kwenda kwenye jokofu. Nilihesabu hatua zake hadi nikasikia mlango wa jokofu ukifunguka, na nikasikia chupa ndogo zikigongana. Sijapata kusikia sauti iliyonipa faraja kama ile. Mama Nyambura alichomwa kinga kuzunguka kila mchubuko, pale pale kwenye nyama ya kiganja, na chanjo begani. Aliuma kitambaa chake cha kichwani na hakulia.

Punda aliuawa kwa sindano jioni ile na daktari wa mifugo, na siku ya tatu maabara ikathibitisha tulilolijua. Lakini kabla ya hapo tulikuwa na kazi ya kujua nani mwingine alikuwa amegusa mate yake katika siku kumi za mwisho, na hapa jedwali langu halikuwa na msaada wowote. Waliosaidia ni Hamisi na Mama Nyambura, walioketi juu ya mitungi iliyopinduliwa, hawatazamani, wakikumbuka.

"Anapenda kulamba chumvi," Mama Nyambura akasema. "Huwa anasimama kwa yule mama wa samaki."

"Na kwa fundi wa viatu," Hamisi akasema. "Anamlamba viganja. Fundi anasema ni baraka."

"Baraka gani! Nilimwambia amfukuze."

"Na Mzee wa mkaa, anayemfungua hatamu alasiri."

Walijua kila mahali alipokuwa amesimama, kila aliyempapasa, kila ndoo aliyoinywea. Ujuzi wote niliokuwa nikiutafuta ulikuwa pale, umehifadhiwa kwa tabia za mnyama: anachopenda, anapokataa kupita, anayemkimbilia. Nilikuwa nimekuja mwaka mzima na brashi, na sikuwauliza hata mara moja. Watu watano walichomwa chanjo. Fundi wa viatu ndiye aliyekuwa mgumu kushawishika, naye alikuja mwishowe kwa kuburutwa na Hamisi.

Mkuu wangu alitaka ripoti iseme kwamba mmiliki wa mkokoteni alificha taarifa. Niliandika kwamba Hamisi aliogopa, na kwamba mimi niliuliza swali baya. Tulizozana. Ripoti ilibaki nilivyoiandika, na kupandishwa cheo kwangu kukabaki pale kulipokuwa. Kisha nilianza kwenda kazini Ijumaa na Jumapili, bila kopo la rangi. Nilichora kila punda upande wa kushoto na wa kulia, kisulisuli, msalaba na sugu, na chini ya kila mchoro niliandika hulala wapi, hunywa wapi, na huvuta na nani siku gani. Chipu zilipokuja baadaye nilizishangilia. Chipu itakuambia huyu ni nani. Haitakuambia jana alikuwa wapi. Hilo mtaliuliza kwa mdomo, na mtaliuliza kwa heshima, mkiwa mmeketi.

Lakini najua mnachotaka kujua.

Nilifuatana na Mama Nyambura kwa kila sindano hadi ya mwisho. Njiani alitazama dirishani. Sindano zilipokwisha ilibaki kungoja, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kujificha kwa miezi, na mara chache hadi mwaka. Nilimpigia simu asubuhi na jioni, nikiuliza kama mkono unawasha, kama unakufa ganzi, kama maji yanapita kooni. Mwezi wa pili alinikatia simu. Mwezi wa tatu alinijibu: "Daktari, mimi nauza maji. Siku yakinishinda kunywa, soko zima litajua kabla yako." Nikapunguza hadi mara moja kwa siku. Usiku niliota gunzi.

Mwaka ulipotimia nilikwenda Jericho na kilo mbili za sukari. Nilimkuta nyuma ya soko, akimfunga hatamu punda mpya, jike, mwenye kisulisuli chini ya mstari wa macho. Hamisi alikuwa ameshika upande wa pili wa mkanda. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya swala, na alikuwa ameleta punda wake kama kawaida. Waliniona. Hamisi akasema lazima awahi msikitini, akaondoka kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

"Umekuja kuhesabu vidole?" Mama Nyambura akauliza.

"Nimekuja kukusalimia. Mwaka umeisha."

"Najua umeisha." Alifunga mkanda, akaujaribu, akageuka. "Daktari, siku ile sikuwa na nafasi ya kukukasirikia. Nilikuwa na kazi ya kupona. Mwaka mzima nimekuwa na kazi hiyo tu, nikalala nayo, nikaamka nayo. Sasa nimepona. Nina nafasi."

Alichukua mtungi mtupu, akaupindua, akauweka mbele yangu.

"Kaa hapo."

Nilikaa. Alianza kwa sauti ya kawaida, na tangazo langu la sokoni, neno kwa neno, akiniigiza mikono. Akaingia kwenye rangi ya manjano. Akaingia kwenye usiku aliokuwa akinywa maji gizani ili ajue kama bado anaweza kumeza, na asubuhi alizoandika kwenye karatasi mtoto wake asome shule gani ikiwa yeye hayupo. Sauti ilipanda. Wauza mboga waligeuka, kisha wakaacha kuuza. Alipokatikiwa na pumzi alichota kikombe cha maji, akakinywa chote kwa mara moja, akafuta mdomo, akaanza upya kutoka mwanzo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukininyooshea kidole, ukipanda na kushuka, wenye nguvu, hautetemeki, nami niliutazama nikiomba asimalize upesi.